Leseni Ambayo Iowa Haikuiomba

Siku Delmar Fenske alipopata wito wa ualimu, alikuwa kwenye mkahawa mmoja wa Rock Island, upande wa Illinois wa mto Mississippi, akila mkate wa nyama ambao hakuwa na nia ya kuulipia. Kwenye kiti cha pembeni alikaa jamaa mnene mwenye uso wa mfiwa. Mbele yake palikuwa na kahawa iliyopoa na kitabu kinene kama tofali.

"Pole, kaka," Delmar alisema. Alikuwa mwepesi sana wa kutoa pole, kwa kuwa haina gharama. "Nani amefariki?"

"Mimi," jamaa alijibu. "Saa sitini darasani! Sitini! Kisha nikatambae chini ya sakafu za watu mwalimu akinitazama, kisha mtihani. Yote hayo ili jimbo liniruhusu kumwambia mtu paa lake linavuja."

"Si anaona mwenyewe maji yakimdondokea?"

"Ndicho nilichowaambia! Wakanijibu, bila leseni ya mkaguzi wa nyumba siruhusiwi kulipwa kwa kuyaona."

Delmar aliacha kutafuna. "Na kwetu Davenport? Huko ng'ambo, Iowa?"

"Ninyi?" Jamaa alicheka kwa uchungu. "Ninyi mnakula raha. Kwenu mtu akiamka na tochi na ngazi, tayari mkaguzi. Hakuna darasa, hakuna mtihani, hakuna leseni. Hata shemeji yangu anaweza, na shemeji yangu hawezi kitu."

Akainuka, akalisukuma lile tofali mbali kana kwamba lina ukoma, akatoka. Delmar alikitazama kitabu, akatazama mlangoni, akakitia kwapani. Bili aliiacha palepale ilipokuwa, kwa heshima ya mkahawa.

Mtu wa kawaida angevuka daraja kurudi nyumbani akimshukuru Mungu kwa kuzaliwa upande wenye uhuru. Delmar hakuwa mtu wa kawaida. Mji wetu unamkumbuka alivyouza kifaa cha kufukuza vimbunga, kilichofanya kazi vizuri kabisa mpaka kimbunga kilipokuja. Yeye alichokiona pale katikati ya mto ni dhuluma. Upande mmoja wa Mississippi watu wanatoka jasho kutafuta karatasi, na upande wa pili watu wazima, wenye wake na magari, hawana karatasi yoyote ya kutolea jasho! Nani atawahurumia? Maana Delmar aliwajua binadamu. Kukosa ujuzi hakumnyimi mtu usingizi hata kidogo. Kinachomkosesha usingizi ni kukosa kitu chenye mhuri cha kutundika ukutani.

Kabla wiki haijaisha alikuwa amepanga chumba Mtaa wa Brady, juu ya duka la viatu lililofilisika, na mlangoni pamebandikwa: BARAZA KUU LA LESENI ZA WAKAGUZI WA NYUMBA, BONDE LA MISSISSIPPI. Hakuandika popote kwamba baraza hilo ni la serikali. Angethubutu vipi kusema uongo? Alichora tu tai mwenye mabawa wazi, akamchongea mhuri, na kama mtu akimwona tai akafikiria serikali, hilo ni baina yake na tai.

Matangazo aliyabandika kwenye mashine za kufulia, kwenye duka la misumari na kwenye mbao za makanisa matatu. SHERIA INAKUJA, yalisema. WAHI LESENI YAKO. Wala huo haukuwa uongo. Tangu dunia iumbwe hakuna siku ambayo hakuna sheria inayokuja mahali fulani.

Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa mama wa makamo anayeelekea uzeeni, jina lake Opal Kadlec. Alivaa koti rangi ya dengu, na mkobani zilichungulia sindano za kufumia. Alikuwa na macho ya upole na yenye maji kidogo, yale ambayo tapeli akiyaona hushusha sauti kama mtu aliyeingia kanisani.

"Wewe ndiye mkuu wa baraza?" aliuliza.

"Mtumishi wake tu, mama."

"Nimesoma tangazo. Illinois wanasoma saa sitini. Hapa ni ngapi?"

"Sitini na moja," Delmar alisema bila kupepesa.

Opal alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Na nyumba ya mazoezi mnayo? Maana wenzetu kule wanaingia nyumbani mwa watu, wanakagua kwa mikono."

Delmar alikohoa. Katika mipango yake yote, nyumba haikuwemo. Alikuwa amepanga viti.

"Basi tumia yangu, mwanangu," Opal alisema. "Iko karibu na bustani ya Vander Veer. Kubwa, ya mbao, na hakuna ugonjwa isio nao. Paa linavuja, tanuri la kupasha joto linakohoa, umeme unakwenda na kurudi kama mume mlevi. Marehemu Harold alikuwa akisema, nyumba hii ni chuo kikuu." Akatoa leso. "Haki ya Mungu, ningefurahi kuona vijana wakijifunza humo."

Delmar alimshika mkono. Moyoni alimshukuru Harold, popote alipo.

Opal hakuishia hapo. Ndiye aliyemjazia darasa, na siku ile Delmar aliona ni baraka tupu. "Una fundi wa umeme darasani?" aliuliza Jumatatu, na Jumanne akamleta Virgil Dack, fundi mrefu, mpole, aliyepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha matrekta. "Una mtu wa paa?" Akamleta Leland Claussen, ambaye miaka thelathini alikuwa amekaa zaidi juu ya mapaa ya watu kuliko chini ya la kwake. Akamleta Dwayne Moeller, fundi bomba, magoti yake yanalia kila anapoinama. Wote walikuwa wakijua kazi zao usingizini. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia hivyo kwa maandishi, na Delmar alikuwa tayari kuwaambia mara tu wakishalipa ada. Walikuwepo wengine watano, ambao kazi yao katika hadithi hii ni kulipa ada na kushika ngazi.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba darasa zima lilisimama sebuleni kwa Opal. Delmar alikuwa amefunga tai shingoni na kushika ubao wa kuandikia. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amesoma kurasa nne za lile tofali, idadi kubwa kuliko zote alizowahi kusoma tangu aache shule.

"Mkaguzi," alianza, "ni jicho. Yeye hagusi kitu. Anaona, anaandika, anakwenda zake."

"Samahani, mwalimu," Opal alinyanyua mkono. "Mtu atajuaje tanuri linaumwa nini asipolifungua?"

"Basi atalifungua."

"Na akishalifungua, ataacha limelala matumbo nje?"

"Atalirudishia, mama, kwa kweli."

"Kama lilivyokuwa? Bovu?"

Delmar alifungua kitabu haraka. "Kwa mujibu wa Illinois, mkaguzi hatengenezi. Anaandika ripoti tu."

Opal aliwageukia wenzake taratibu. "Illinois," alisema, kama mtu anayetaja jina la jirani aliyemuibia kuku. "Kumbe sisi tumekuja hapa kuwafuata Illinois. Mimi nilidhani hili ni Baraza Kuu."

Sisi wa Davenport unaweza kututukania mengi, lakini usitupange nyuma ya Rock Island.

"Mwalimu, mama kasema kweli," Leland alinguruma. "Wao wakiandika, sisi tunatengeneza. Hapo ndipo leseni yetu itakuwa na uzito."

"Ndivyo mtaala wetu ulivyo!" Delmar alidakia, kama mtu anayepanda basi linaloondoka. "Nilitaka tu kuona nani atagundua."

Na ndivyo Baraza Kuu lilivyoanza kufundisha. Kabla theluji haijaanguka Leland alikuwa amewapandisha wote juu, wakang'oa paa lote na kulipigilia jipya. Vigae vilinunuliwa na Delmar kutoka kwenye ada, chini ya fungu la "vifaa vya mafunzo". Kila alipotaka kulalamika, Opal alimletea sahani ya tambi za kuoka na kumwambia mbele ya watu, "Ualimu ni kujitoa, mwanangu. Harold alikuwa hivyohivyo." Harold mwenyewe alikuwa nyuma ya gereji, chini ya kijiwe chenye jina lake. Alitaka abaki karibu na nyumba, mjane alieleza, na darasa zima likavua kofia. Delmar alitoa hata maneno mawili matatu juu ya mume mwema. Virgil alilia.

Desemba Virgil alifungua sanduku la umeme, akapiga mluzi, akang'oa nyaya za enzi za mababu. Januari Dwayne aliwaingiza chini ya sakafu kubadilisha bomba, na kwa vile magoti yake hayakukubali, aliyetambaa mbele ni mwalimu. Huko chini, shavu likiwa kwenye udongo baridi na buibui akimpima pua, Delmar alijiuliza alikosea wapi. Ujanja aliouchagua ili asifanye kazi ulikuwa umempa kazi ngumu kuliko zote alizozikimbia.

Na kuna jambo lililomtokea ambalo hakuliomba, kama homa. Alianza kuelewa. Hakuweza tena kuingia dukani bila kutazama dari. Akiona doa la maji ukutani, alijua kama limetoka kwenye bomba au kwenye paa. Siku moja aliweka kiganja kwenye boriti ya nyumba ya Opal, akaipiga kofi dogo, na kabla hajajizuia akasema, "Hii itakaa miaka mia." Akageuka haraka kuona kama kuna aliyemsikia. Alikuwepo Opal tu, anafuma.

Usiku ule wazo lilimjia, na lilikuwa zuri mno hata akaona kulala ni utovu wa nidhamu. Nyumba kubwa, karibu na bustani, paa jipya, umeme mpya, bomba mpya, tanuri linaimba kama kwaya. Majirani wanauza vibanda vibovu kuliko hiyo kwa bei za kutisha. Na mwenyewe ni nani? Mjane mmoja mwenye sindano, anayeamini kila neno la mwalimu wake. Kwa nini auze leseni kwa vichwa vinane, wakati kichwa cha tisa kinakaa ndani ya nyumba nzima?

Alichukua siku tatu kuandika ripoti ya ukaguzi. Ilikuwa kazi nzuri, tumsifu anapostahili. Kila ukurasa ulikuwa na mhuri wa tai. Alimpelekea Opal mchana mmoja wa Februari, akakaa naye meza ya jikoni, akaweka uso wa daktari.

"Mama Opal. Kaa."

"Nimekaa, mwanangu."

"Ni msingi."

"Msingi umefanya nini?"

"Umechoka. Paa tumeweka, nyaya tumeweka, lakini chini, mama, chini huko..." Alitikisa kichwa. "Nyumba inazama. Upande wa mashariki. Taratibu, lakini inazama."

Opal alishika kifua. "Mbona haionekani?"

"Kwa jicho la kawaida haionekani. Ndiyo maana kuna leseni."

Mama wa watu aliisoma ripoti ukurasa kwa ukurasa, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alikuwa analia waziwazi. "Nani atainunua sasa? Nilitaka kuiuza niende kwa dada yangu Arizona, mifupa yangu haiwezi tena baridi hii. Nitamwambia nini mnunuzi?"

"Utamwambia ukweli, kwa sababu wewe ni mtu mwema. Na akishaujua ukweli atakimbia." Delmar alivuta pumzi ndefu. "Labda... Hapana. Sitaki ufikirie vibaya."

"Sema, mwanangu."

"Labda nikuondolee mzigo huu mimi. Nina akiba yangu kidogo. Si bei ya nyumba nzima, mama, ni bei ya nyumba inayozama. Lakini ningeifanya kumbukumbu ya Harold. Chuo cha Harold."

Opal alitazama dirishani, kuelekea gereji. Mabega yalitikisika muda mrefu. Delmar aliona ni kilio.

"Na wakili?" aliuliza mwishowe, akifuta macho. "Dada yangu husema ukiuza nyumba umtafute wakili, apekue hati huko mahakamani."

"Mawakili!" Delmar alicheka kwa huzuni. "Mama, wakili akisoma ripoti hii atakwambia uwalipe majirani fidia kabla hujahama. Mimi na wewe tunaaminiana. Tutaandikiana hapahapa. Mhuri ninao."

"Basi iwe pesa taslimu, kama unaona sawa. Mimi benki zinanichanganya."

Kusikia hivyo Delmar alitamani kumbusu. Pesa zake zenyewe zilikuwa hazipendi benki. Kesho yake aliziweka mezani zote, ada za darasa, masalia ya vimbunga, hata ile bahasha iliyokuwa imeshonewa ndani ya koti tangu alipoachana na mkewe wa pili. Opal alizitia mkobani, chini ya uzi wa sufu. Delmar aliandika hati mwenyewe kwa mwandiko wa kupinda, akaweka saini, mama akaweka saini, tai akagongwa mara tatu. Ulikuwa ndio waraka wa kwanza katika maisha ya Delmar ambao yeye mwenyewe aliuamini.

Jumapili iliyofuata darasa lilihitimu kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Opal, kwa kahawa na keki. Kila mmoja alipewa leseni ndani ya fremu. Virgil alishika yake kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Opal alisimama, akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba katika maisha yake hajawahi kujifunza mengi kwa mtu mmoja, na watu wakapiga makofi. Jumatatu akaondoka na sanduku moja. Hakutaka kusindikizwa. Kuagana, alisema, kunamkumbusha Harold.

Delmar aliishi kifalme wiki saba. Alilala kitanda kikubwa, akaoga maji ya moto yaliyopita kwenye bomba alilolitambalia mwenyewe, akatembea peku kwenye sakafu yenye joto. Alikuwa tayari amezungumza na dalali juu ya bei, bei ya nyumba isiyozama. Dalali akaomba hati. Delmar akamwambia ipo, asubiri.

Tarehe kumi na mbili Aprili, saa nne asubuhi, alikuwa kibarazani na joho la kuogea na kikombe cha kahawa, akikagua mfereji wa paa kwa macho ya mapenzi, wakati gari refu lenye vitanda na jiko ndani, limejaa vumbi la safari, lilipoingia kwenye njia ya gereji kana kwamba linajua njia. Alishuka mzee mwenye kaptura na ngozi iliyoungua jua. Nyuma yake mkewe, amebeba mche wa mchungwa kwenye ndoo.

"Marlys!" mzee aliita. "Njoo uone paa! Njoo uone!"

"Naliona, Raymond. Zuri."

"Naweza kuwasaidia?" Delmar aliuliza, kwa ubaridi wa mwenye mali.

Mzee alimjia mkono mbele, meno yote nje. "Wewe ndiye Delmar! Opal alituandikia. Mimi Raymond Stoltenberg. Kijana, umefanya kazi! Nilidhani atapata mtu wa kuziba tu mashimo, kumbe mmebadilisha lote!"

"Opal... aliwaandikia?"

"Kila wiki! Tukiwa Texas, kila msimu wa baridi yeye ndiye anatutunzia nyumba. Mwaka huu nikamwachia na pesa za matengenezo yote, paa, umeme, bomba, tanuri, nikamwambia tafuta mafundi waaminifu. Alisema umekubali kulala humu kulinda mpaka turudi. Moyo gani huo!"

Delmar alikiweka kikombe kwenye ukingo wa kibaraza. "Nyumba," alisema taratibu, "ni ya nani?"

"Yetu. Mwaka wa arobaini na moja huu."

"Na Harold?"

Nyuso za wazee zikalainika. Marlys aliweka ndoo chini. "Aah, alikwambia habari za Harold? Maskini. Alikuwa mbwa wa ajabu."

Tukumbuke kwamba Delmar Fenske alikuwa fundi wa maneno, mtu aliyewahi kumuuzia mchungaji kifaa cha vimbunga wakati wa mazishi. Pale kibarazani alizipima kauli zake moja moja. Angesema nini? Kwamba ameibiwa? Sawa, twende polisi. Pesa ulizipata wapi, bwana Fenske? Kwa nini hukupeleka hati mahakamani? Na hii ripoti ya msingi unaozama, yenye tai, umeiandika wewe? Nyumba yenyewe mbona imenyooka? Alikuwa amekagua kila ufito, kila msumari, kila kona ambayo panya huona haya kuingia, miezi minne mizima. Jina la mwenye nyumba hakulikagua hata mara moja.

"Hujambo lakini?" Raymond aliuliza. "Umekuwa mweupe."

"Ni furaha," Delmar alisema. "Ngoja nichukue nguo zangu."

Alikwenda moja kwa moja kwa Virgil Dack. Alitaka kumkuta mtu mwingine aliyeumizwa, apate mwenzake wa kulia naye. Virgil alimfungulia mlango akiwa na ovaroli safi, na ukutani nyuma yake leseni ilikuwa inang'aa.

"Mwalimu! Nilikuwa nakutafuta nikushukuru!"

"Mimi?"

"Kwa bahasha! Wote tumepata, zimekuja na posta. Ada yetu yote imerudi, na malipo ya kila Jumamosi juu yake. Mama Opal ameandika kwamba zimetoka mfukoni mwako. Leland alisoma akavua kofia, na unamjua Leland." Virgil alimkumbatia kwa nguvu. "Watu wanasema vibaya juu yako mjini, mwalimu. Sasa nawaambia wanyamaze."

Delmar alisimama ndani ya kumbatio lile mikono ikining'inia. Ilikuwa mara ya kwanza kushukuriwa kwa jambo lililomgharimu kweli, na aliona halina raha hata kidogo.

"Bahasha ilikuwa na mhuri wa wapi?" aliuliza mwishowe.

"Nebraska. Au ni Nevada? Karatasi ilishalowa."

Ndivyo ilivyokuwa. Opal Kadlec hana dada Arizona, au kama anaye basi hakwenda kwake. Alikuwa na pesa za Stoltenberg na pesa za Delmar, akatoa fungu la mafundi kama mtu mwenye haki, na lililobaki liliondoka naye chini ya uzi wa sufu. Raymond hadi leo anamsifu. Si ana paa?

Delmar alibaki na joho la kuogea, tofali la kitabu na njaa. Wiki ya pili dada yake Raymond alitaka kununua nyumba mji jirani wa Bettendorf, na Raymond akamwambia, yupo kijana mmoja, jicho lake ni tochi. Kwa hiyo Delmar alilazimika kufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe, nalo ni kufanya kazi aliyosema anaifanya. Alipanda, akatambaa, akanusa. Alimwambia yule mama kwamba bomba la moshi limeachana na paa na ukuta wa nyuma umeoza chini ya rangi mpya. Mama hakununua. Dalali wa nyumba hiyo alimtukana Delmar barabarani, na Delmar, kwa mshangao wake, alimtukana naye kwa ufasaha wa kitaalamu. Kazi ya pili ikaja, na ya tatu.

Kisha wakaanza kujitokeza wengine, kila wiki mtu mpya na tochi yake na ngazi yake, wanapiga bei chini, wanaandika ripoti za ukurasa mmoja. Delmar hakuweza kuvumilia. "Wajinga hawa!" aliwaka mbele ya Virgil, wakila piza iliyokatwa vipande virefu. "Mtu hajui kutofautisha boriti na fimbo ya pazia la bafu, anajiita mkaguzi! Hakuna darasa, hakuna mtihani! Hii serikali imelala?"

Virgil alitafuna taratibu, akasema hajui, labda serikali haijasoma tangazo.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata kamati ya bunge la jimbo ilikaa Des Moines kusikiliza maoni juu ya muswada wa kuwalazimisha wakaguzi wa nyumba wa Iowa wawe na mafunzo na leseni. Delmar Fenske alifika saa nzima kabla ya watoa maoni wengine, akakaa mstari wa mbele, nywele zimelazwa kwa maji. Alipopewa nafasi aliongea dakika kumi na mbili bila karatasi. Aliongea juu ya wajane. Aliongea juu ya usalama wa familia, juu ya matapeli wanaocheza na imani ya wananchi, na mama mmoja kwenye viti vya nyuma alifuta machozi.

Mwenyekiti, mkulima mmoja mzee wa mahindi mwenye miwani puani, aliivua akaifuta.

"Bwana Fenske, maneno mazuri. Lakini nataka kujua kama tatizo lipo kweli. Wewe mwenyewe umewahi kumwona mtu hapa Iowa akiuza leseni za bandia?"

"Nimemwona, mheshimiwa. Kwa karibu sana."

"Na alikamatwa?"

"Hapana, mheshimiwa," Delmar alisema kwa uchungu wa kweli. "Aliibiwa."